Mbuzi Aliyevaa Koti Langu

Kemunto,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako sitaiuliza, maana nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako juu ya mkungu wa ndizi, kwamba huwezi kushuka Nairobi na mkungu wa ndizi kama mtu anayekwenda kuposa. Utaubeba, mama. Nimeishi na mwanamke huyo zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumshinda katika jambo la ndizi.

Mambo ya sweta, ya kufunga mlango, ya wanaume wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba, hayo amekwisha kukueleza, na kesho atayaeleza tena. Mimi nina moja tu. Nimekuja kuliandika huku nyuma ya nyumba, nimekalia ndoo yangu ya kuoshea picha niliyoipindua, na jua bado liko juu ya migomba.

Kiswahili nimekichagua makusudi. Kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, mimi ni baba na wewe ni binti, na kuna maneno baba hamwambii binti hata nyumba ikishika moto. Kiswahili nilikiokota uwanjani, kwa wenye maduka na makondakta, kwa hiyo hakinidai adabu. Ukiona makosa, kumbuka niliishia darasa la nne. La tano nilikataa kuingia kwa sababu mwalimu alitaka kwanza nimwombe msamaha mbele ya wenzangu. Sijamwomba mpaka leo, na nasikia amekufa. Liweke akilini jambo hilo la msamaha, tutalirudia.

Kesho ni siku ya soko, na basi lako linapakia upande wa juu wa uwanja. Lazima upite uwanjani. Ukifika ukutani kwa fundi cherehani, pale nilipokuwa natundika ubao wangu wa picha, utakuta watu wamejaa. Nataka ukisikie kutoka kwangu kilichowajaza, kabla hujakisikia kwao.

Wewe uwanja unaujua wa sasa, wenye maduka ya mabati na mabasi yanayopigiana honi. Mimi naujua wa babu yako. Wazungu waliwasimamisha pale yeye na wanaume wa rika lake, siku nzima juani, wakihesabiwa kama kondoo, na mzungu mmoja akawapiga picha. Babu yako hakuiona picha hiyo. Aliniambia kwamba kila akipita mahali pale alihisi kuna mtu amebaki na kitu chake. Kwa hiyo nilipopata kamera ya kwanza, ile ya sanduku yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi, niliisimamisha hapo hapo. Nikasema, leo mwenye kamera ni mtoto wake. Unaona kwamba hata kazi yenyewe niliianza kwa kulipiza.

Nilikuwa na koti jeusi moja na tai moja, vya wateja. Nani wakati huo alikuwa na koti? Mtu mwembamba nilimbana mgongoni kwa vibanio vya nguo, mtu mnene tuliacha vifungo wazi akashika kitabu tumboni. Nenda nyumba yoyote mpaka Nyaramba, tazama ukutani, utaliona koti langu limemvaa baba, mjomba, bwana harusi na marehemu. Huyo ndiye aliyekusomesha, lile koti, mimi nilikuwa nalibebea kamera tu.

Baadaye kidogo, Uhuru ukiwa bado una harufu ya rangi mpya, nikanunua ile kamera ndogo kwa Mhindi aliyekuwa anahama. Ndiyo iliyoniharibu. Ya sanduku ilimtaka mtu akae kimya, ashike pumzi. Ndogo haikuomba ruhusa. Nikaanza kuwapiga watu wakiwa wao wenyewe: mama anayepepeta wimbi huku akimtukana jirani kwa upande wa mdomo, kinyozi aliyeshika pua ya mteja kama mpini, mzee mpiga obokano, kinubi chetu kikubwa, aliyelala huku amekikumbatia kama mke mdogo. Nikawatundika kwenye ubao.

Watu walichukia. Mtu wetu akitaka picha anataka aonekane kama hajawahi kufanya kazi. Umpige akiwa na mzigo kichwani, umemvua nguo. Walikuja mmoja mmoja kunisihi niitoe, na mimi niliitoa mara moja, mradi tu akae nimpige nyingine ndani ya koti. Ilikuwa biashara na ilikuwa uchokozi, na ulionipendeza zaidi ni uchokozi.

Ndipo nikamfikia Ratemo.

Unamjua kama mzee mkimya anayekaa kwenye benchi la fundi cherehani siku za soko. Enzi hizo alikuwa bwana soko, na uwanja ulikuwa wake. Alikuwa na kofia, fimbo na filimbi, na yeye ndiye aliyeamua nani akae kivulini na nani akae kwenye matope. Akipuliza ile filimbi hata mbwa walijipanga. Mchana mmoja nikamkuta amelala kwenye kiti chake langoni, mdomo wazi, filimbi imening'inia kwenye midomo kama titi la mama. Nilimpiga mara mbili, ya pili kwa raha tu. Jumatatu alikuwa kwenye ubao. Wiki nzima, kila alipopita kwa wauza ndizi, wanawake walikoroma.

Alikuja na askari wake wawili wa soko. Mimi nilidhani atavunja ubao. Hakuugusa. Alichukua koti langu na tai yangu, akaenda kwa mchinjaji akaazima beberu, akamvisha, tai akaifunga vizuri kuliko nilivyowahi kuifunga mimi, kisha akamzungusha uwanja mzima akipuliza filimbi. Akasimama mbele yangu, watu wakiwa wamejaa kote, akasema polepole:

"Huyu ndiye mpiga picha wenu. Anayetaka kupigwa aje."

Ulikuwapo. Ulikuwa darasa la tatu, umemshika mama yako mkono. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sikulaumu, beberu alipendeza, mimi mwenyewe nilimpiga picha. Lakini mama yako hakucheka. Aliniangalia kama anayemwangalia mtu kwa mara ya kwanza na kuona ni mfupi.

Baada ya hapo, mwanaume gani angelivaa koti hilo? Nililifua mara tatu. Kila aliyelishika alilinusa kwanza. Mmoja aliniuliza kama beberu alikuwa amelipia picha yake.

Wengine hasira zao hupoa zenyewe. Yangu niliilisha. Tangu wimbi lilipopandwa mpaka likavunwa nilimfuata Ratemo kwa kamera. Nilijua saa anayokojoa, ukuta anaopenda, na jino linalomuuma. Nilikuwa nataka picha moja tu, lakini iwe ya kumfukuza uwanjani, maana ya kuchekesha nilikwisha kuijaribu. Filamu nilizoharibu kwa mtu huyo zingetosha harusi za kata nzima. Mama yako alinambia hata yeye sijawahi kumtazama namna hiyo. Nilimjibu kwamba yeye hajawahi kuvalisha beberu koti langu.

Kisha mvua ikanyesha siku ya soko.

Hapa ngoja nikueleze kama vile hujui, ili na wewe uweze kuwaeleza wenzako wa Nairobi watakapocheka. Kwetu kuna ensoni, yaani haya ya lazima, na kali kuliko zote ni ile ya mwanaume na mke wa mwanawe. Hamgusi, hakai naye benchi moja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kushikana mkono tu ni jambo la kuitiwa wazee na kuchinjiwa mbuzi. Umekulia humo ndani, kwa hiyo kwako ni kama hewa. Sasa fikiria kamera humo ndani.

Mvua ilipopiga, uwanja mzima ulikimbilia baraza la maduka. Mimi nilikuwa ng'ambo, chini ya bati la kinyozi, na jicho langu liko kwa Ratemo kama kawaida. Akapanda ngazi za baraza. Nyuma yake akaja Moraa, mke wa mwanawe wa kwanza, kapu kichwani. Watu wengine walikuwa wamewapa mgongo, wanakung'uta maji kwenye magunia yao. Sekunde moja baadaye mkono wa Ratemo ulikuwa umemshika Moraa juu ya kiwiko, nyuso zao ziko shibiri moja, yeye mdomo wazi, mzee meno nje. Nilibonyeza. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anachimba kisima miezi minane na sasa anasikia maji.

Usiniulize kama nilijua. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na nilipoiosha filamu nikaona tena. Picha nzima ilikuwa hivi: mguu wa Moraa umeteleza kwenye ngazi ya matope, uko hewani. Mgongoni ana mtoto mchanga, shuka imelegea, kichwa cha mtoto kimeanguka nyuma, na chini yake ni ukingo wa mtaro wa mawe. Ratemo alimshika mama ili mtoto asipasuke kichwa. Yale meno aliyotoa yalikuwa ya hofu.

Nilichukua kipande cha boksi la sabuni cha kuzibia mwanga gizani wakati wa kuitoa picha. Nikafunika mguu. Nikafunika mtoto. Ikabaki mikono na nyuso. Nikaikuza kubwa kama sinia, na nilikuwa napiga mluzi, Kemunto.

Nilipoitundika nilitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja muuza mboga alijifunika macho kwa shuka. Ratemo akaja, akasimama mbele ya ubao muda mrefu, kisha akavua kofia, akaondoka bila kupuliza kitu. Wazee walikaa. Mbuzi wa kutakasa alichinjwa nyumbani kwake. Kazi ya soko aliiacha mwenyewe kabla hajaambiwa. Sitakudanganya kwamba nilijuta. Nilikula vizuri siku hiyo, nikaomba kuongezewa.

Moraa alirudishwa kwao Nyamache, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa kwenye kibarua cha majani chai Kericho. Alipelekewa habari, akapelekewa na picha, maana nilikuwa nimetoa nakala. Hakuja hata kuuliza. Mwaka uliofuata alioa mwingine.

Na Ratemo? Yeye alijua. Mbele ya wazee neno moja lingetosha, kwamba yule mwanamke alikuwa anaanguka na mtoto. Hakulisema. Aliona haya kumtetea mke wa mwanawe hadharani, akakubali mbuzi, akainamisha kichwa, akajiokoa na aibu ya pili. Moraa hakuulizwa. Hapo ndipo sisi wawili, maadui, tulipofanya kazi moja bila kupatana: mimi nilimkata mtoto kwenye picha, yeye akamkata kwenye maneno.

Negativu, kile kipande cha filamu chenye picha nzima, niliiweka kwenye kopo la majani ya chai. Nilijua dawa ni moja tu, kuitoa picha nzima na kuitundika palepale. Lakini walikuwa kwenye picha moja! Singeweza kumtoa Moraa shimoni bila kumtoa na Ratemo, na Ratemo nilimtaka abaki humo. Kila nilipofungua lile kopo nilimwona beberu. Nikalifunga. Hivyo ndivyo miaka ilivyopita, na wewe ukakua, na watu wakaniita mzee.

Mwaka juzi nilikwenda Nyamache siku ya soko kupiga picha za watu wa chai. Nilimwona kabla hajaniona, anauza ndizi, amekonda. Nilikuwa nageuka niondoke. Akaniita baba, kwa Ekegusii.

"Tata, nipige tena. Safari hii niko peke yangu."

Nikainua kamera. Akamwita mtoto wake, sasa mvulana wa shule, akamsimamisha kando.

"Miguu inaonekana?" akaniuliza.

"Inaonekana."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Akarudi kwenye ndizi zake. Hakunitukana, hakulia. Ungekuwa mimi ungependa akutukane. Nilirudi nyumbani nikasema nina malaria, mama yako akanichemshia muarobaini, nikaunywa wote kama adhabu. Na bado kopo sikulifungua. Nataka ujue hilo, usije ukafikiri baba yako aliguswa moyo akabadilika. Niliguswa moyo na sikubadilika.

Kilichonisukuma ni wewe. Mwezi uliopita, ulipopata barua ya kazi kwenye chumba cha giza cha kuoshea picha cha gazeti la huko Nairobi, ulikuja kunionyesha picha ya harusi ya jirani uliyoikuza mwenyewe. Pembeni kulikuwa na mjomba wa bibi harusi, amelewa, analia. Ulimfunika ili picha ipendeze. Ukaniuliza, "Baba, imekaa vizuri?" Ilikuwa imekaa vizuri sana. Una jicho kunishinda. Nikaona kipande cha boksi mkononi mwako, nikatoka nje kana kwamba nimekumbuka ng'ombe. Hatuna ng'ombe.

Huko unakokwenda utaambiwa kata hapa, bakisha uso. Kata, ndiyo kazi. Ila kabla hujafunika, tazama ni nani unayemfunika, umjue. Na juu ya kisasi sitakwambia usilipize, wewe ni damu yangu na ningekuwa najichekesha. Siku ukilipiza, hakikisha aliye kwenye picha ni yeye peke yake. Mimi nilimtaka Ratemo, nikampata, na aliyeumia zaidi ni mtu ambaye hajawahi kunikosea hata salamu.

Wiki iliyopita nilipokwambia nakwenda kununua dawa za picha, nilikwenda Nyamache. Nilimpelekea Moraa picha nzima. Aliitazama akiwa amesimama. Akapitisha kidole juu ya mtoto, juu ya mguu wake, mpaka kwenye mkono wa mzee, hapo akasimamisha kidole. Nilimwambia nataka kuitundika uwanjani, pamoja na ile niliyoikata, ili watu waone nilikata wapi na ni mkono wangu uliokata. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha. Ndiyo, mimi. Yule mwalimu angefufuka.

Hakusema amenisamehe. Aliniambia niitundike siku ya soko, saa za asubuhi, na nisimame kando ya ubao mpaka watu waishe. Nisikae, nisiende kunywa chai, na kila anayeuliza nimjibu. Kisha akainama kufunga ndizi zake, akauliza bila kuniangalia:

"Na ile ya mzee akiwa amelala, bado unayo?"

"Ninayo."

"Itundike karibu nayo."

Mwanangu, katika maisha yangu yote sijawahi kutii amri kwa furaha kama hiyo. Nimeitoa leo asubuhi, kubwa kama sinia. Filimbi inaonekana mpaka uzi wake. Ratemo atakuwa kwenye benchi lake, hatua tano tu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile watu watamgeukia kumuuliza alichokuwa anajua. Ajibu. Nami nitakuwa najibu yangu. Tutakuwa tumesimamishwa pale wote wawili, mahali pale pale pa babu yako, tunahesabiwa. Wazee wakiniitisha mbuzi, nitatoa, na nitaomba awe beberu.

Sijui kama kuna mtu atakayekaa tena mbele ya kamera yangu. Mama yako nilimwambia jana. Alikwenda akalitoa lile koti chini ya sanduku, akalipiga pasi. Ndilo nitakalovaa. Bado linanuka kidogo.

Kwa hiyo kesho ukipita usigeuze uso, wala usiharakishe kana kwamba basi linakuacha, halijawahi kuondoka kwa saa yake. Weka mkungu chini. Toa kamera yako. Nisimamishe katikati ya hizo picha, halafu rudi nyuma mpaka viatu vyangu viingie, na nyuso za watu wanaonitazama, na Ratemo kwenye benchi. Ukiiosha huko Nairobi usifunike kitu.

Baba yako,
Onsare